Ketamini katika Tiba ya Sonona: Manufaa, Hatari na Dhima ya Lugha ya Maelezo

1.0 Utangulizi

Neno dawa hubeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Tunasema dawa ya homa, dawa ya panya na dawa za kulevya, na ni kirai kinachofuata neno hilo ndicho kinachotuarifu iwapo kitu kinachotajwa kinaokoa au kinaangamiza. Ketamini ni mfano mwafaka wa hali hii. Kemikali hiyo moja ni dawa ya nusukaputi katika chumba cha upasuaji, ni dawa ya sonona katika tiba ya afya ya akili, na ni dawa ya kulevya mitaani.

Makala haya yanachunguza matumizi hayo ya pili. Hoja yetu ni kwamba manufaa na hatari za ketamini hutenganishwa na masharti ya utoaji wake: kipimo, mahali, msimamizi na muda. Kwa hiyo, mgonjwa asiyeelezwa masharti hayo katika lugha anayoielewa hawezi kusemwa kuwa ametoa ridhaa ya kweli.

2.0 Chimbuko la Ketamini

Ketamini ilitengenezwa mwaka wa 1962 na Calvin Stevens, mkemia aliyefanyia kazi kampuni ya Parke-Davis nchini Marekani. Mwaka wa 1964, Edward Domino na Guenter Corssen waliijaribu kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Waliojaribiwa walikuwa wafungwa katika jimbo la Michigan. Iliidhinishwa kutumiwa katika upasuaji nchini humo mwaka wa 1970, na tangu mwaka wa 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sifa yake kuu ni kwamba, tofauti na dawa nyingi za nusukaputi, kwa kawaida haidhoofishi sana upumuaji wala haishushi shinikizo la damu. Kwa sababu hiyo imefaa mno mahali pasipo na mitambo mingi. Katika Kenya Magharibi, kwa mfano, kumekuwa na mradi wa kuwafunza wahudumu wasio wataalamu wa nusukaputi kuitumia katika upasuaji wa dharura wa akina mama wanaojifungua. Mwaka wa 2015, China ilipopendekeza ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, Shirika la Afya Duniani lilipinga kwa hoja kwamba hospitali za nchi maskini zingeikosa.

3.0 Manufaa katika Tiba ya Sonona

Dawa za kawaida za sonona, ambazo nyingi hulenga kemikali za ubongo kama vile serotonini, huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo. Kwa mtu anayewaza kujiua, majuma hayo ni marefu kupita kiasi. Zaidi ya hayo, wapo wagonjwa wasiopata nafuu hata baada ya kutumia dawa mbili au tatu tofauti.

Mwaka wa 2000, Robert Berman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti mdogo ulioonyesha kwamba ketamini inaweza kupunguza dalili za sonona katika muda mfupi. Mwaka wa 2006, Carlos Zarate na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 18 ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda. Walipewa kwa dripu miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzani, kwa dakika 40. Nafuu ilianza kuonekana katika muda usiofika saa mbili, na siku iliyofuata asilimia 71 ya waliopewa ketamini walikuwa na nafuu kubwa. Hata hivyo, baada ya juma moja, waliodumu katika nafuu hiyo walikuwa asilimia 35 tu.

Mwaka wa 2019, Marekani iliidhinisha esketamini, dawa ya jamii hiyo inayopulizwa puani, kwa wagonjwa wa sonona sugu. Aidha, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2023 uliilinganisha ketamini na tiba ya mshtuko wa umeme kwa wagonjwa wa sonona sugu wasio na dalili za kupotewa na uhalisi. Waliopata nafuu kwa ketamini walikuwa takriban asilimia 55, na kwa umeme takriban asilimia 41.

Inafahamika kwamba ketamini huzuia vipokezi fulani vya glutamati, kemikali inayopitisha ujumbe baina ya seli za neva. Namna hasa kizuizi hicho kinavyoleta nafuu ni suala ambalo wanasayansi wangali wanalijadili.

4.0 Hatari

Hatari za papo hapo ni kupanda kwa shinikizo la damu, kizunguzungu, kichefuchefu, na mgonjwa kujihisi kama aliyetengana na mwili wake. Ndiyo sababu anayepewa esketamini Marekani hulazimika kukaa chini ya uangalizi wa wahudumu kwa muda usiopungua saa mbili, na haruhusiwi kuendesha gari hadi siku inayofuata, baada ya kulala vyema.

Hatari za matumizi ya mara kwa mara na kwa kiwango kikubwa ni uraibu na madhara ya kibofu cha mkojo. Kuanzia mwaka wa 2007, madaktari wameeleza kuhusu watumiaji ambao vibofu vyao vilisinyaa, wakawa na maumivu na damu katika mkojo.

Kifo cha mwigizaji Matthew Perry, tarehe 28 Oktoba 2023, kinadhihirisha hoja yetu. Perry alikuwa akipewa ketamini kwa dripu kama tiba. Lakini mara ya mwisho inayojulikana ilikuwa zaidi ya juma moja kabla ya kifo chake, na kiasi kilichopatikana katika damu yake kilikaribia kile cha mgonjwa aliyelazwa usingizi wa upasuaji. Alikuwa nyumbani, ndani ya maji, bila msimamizi. Mwaka wa 2024, watu 5, wakiwemo madaktari 2, walishtakiwa kuhusiana na ketamini aliyopata nje ya tiba hiyo. Mtu alikuwa yuleyule na dawa ileile. Masharti ndiyo yaliyobadilika.

5.0 Dhima ya Lugha ya Maelezo

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Tuzingatie mambo matatu.

Kwanza, jina la ugonjwa. Nchini Kenya, sonona mara nyingi huitwa msongo wa mawazo. Lakini msongo humpata kila mtu: mwenye deni, mwenye mtihani, mwenye mgogoro wa ndoa. Tukisema kwamba ketamini ni dawa ya msongo wa mawazo, tunawaalika watu wengi wasioihitaji. Neno sonona linafaa zaidi kwa kuwa kitenzi sononeka tayari hubeba maana ya uchungu wa ndani. Wahusika Rosa na Kazimoto wa Kezilahabi, wanaojiua katika Rosa Mistika na Kichwamaji, tumezoea kuwahakiki kwa jicho la maadili au la udhanaishi. Yafaa tujiulize pia kama waliugua.

Pili, jina la matokeo. Kuna tofauti baina ya kupona na kupata nafuu. Takwimu za mwaka wa 2006 zinaonyesha nafuu inayokuja upesi na kupungua upesi. Anayeahidiwa kupona ataporejelewa na huzuni baada ya siku kumi atadhani yeye ndiye aliyeshindikana, na huo ni wakati wa hatari kwake.

Tatu, jina la hali ya kutengana na mwili. Maneno tuliyo nayo, kama vile kupagawa na kurukwa na akili, yana hukumu ndani yake. Tunapendekeza maelezo ya wazi: "Kwa muda wa saa moja hivi, huenda ukajihisi kama uliye nje ya mwili wako. Hujapandwa na pepo wala hujawa mwendawazimu. Hali hiyo itapita, na muuguzi atakuwa kando yako."

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, nchini mwetu aliyejaribu kujiua alikuwa na sababu ya kuficha, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu kuwa mhalifu. Mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Uamuzi huo unampa mgonjwa nafasi ya kusema, na anahitaji maneno ya kusemea.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba ketamini imewaletea nafuu ya haraka baadhi ya wagonjwa wa sonona sugu, kwamba nafuu hiyo aghalabu haidumu bila kurudiwa kwa dawa, na kwamba nje ya uangalizi dawa hiyo inaweza kuua. Tunapendekeza vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na idara za tiba kuandaa faharasa fupi ya afya ya akili, na ijaribiwe kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuchapishwa. Kipimo cha istilahi hizo kiwe swali moja: je, mgonjwa aliyezisikia anaweza kueleza, kwa maneno yake mwenyewe, atapewa nini, na nani, kwa muda gani, na afanye nini huzuni ikirudi?