Mwandishi wa Habari Akikuomba Kisa Chako

Siku hizi makala ya saratani haianzi na takwimu za wizara. Inaanza na mama mmoja: alivyoona damu, alivyomficha mumewe, alivyouza cherehani apate nauli ya hospitali. Mimi naupenda uandishi huu, maana msomaji anaona mtu. Lakini zamani gazeti la jana lilifungiwa maandazi likasahaulika. Leo habari hukaa mtandaoni miaka. Kwa hiyo ukifuatwa, patana na mwandishi kabla hajawasha kinasa sauti.

Kwanza muombe kitambulisho chake cha kazi, umuulize anaandikia chombo gani na habari itatoka wapi: gazetini, redioni au pia mtandaoni?

Je, kuna malipo? Hulipi kitu. Anayedai hela ili habari yako itoke, mkatalie. Nawe usiuze kisa chako, kwani kisa kilichonunuliwa hutiliwa shaka. Ukiitwa studio, si vibaya kuuliza habari ya nauli.

Suala la jina ndilo linaloumiza wengi. Jina la kubuni peke yake halikufichi. Wakiandika kwamba ni muuza samaki mwenye mapacha anayeishi nyuma ya msikiti, mtaa mzima umeshakujua. Taja waziwazi mambo ya kuondolewa: kazi, mtaa, idadi ya watoto. Akipiga picha ya mikono tu, itazame kwenye kamera kabla hajaondoka. Pete au kanga yako huenda inajulikana. Redioni, omba maneno yako yasomwe na mtu mwingine. Na kama kisa kinamgusa mwanao, kumbuka atakapokua atakisoma, na wenzake shuleni watakisoma.

Akiomba cheti cha hospitali au kuzungumza na dada yako, usione anakudharau. Mwaka 1980 gazeti la Washington Post la Marekani lilichapisha kisa cha mtoto wa miaka 8 aliyekuwa akidungwa heroini. Polisi walimtafuta wasimpate. Mwandishi wa kisa hicho, Janet Cooke, alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1981, kisha ikabainika mtoto huyo hakuwahi kuwapo, na tuzo ikarudishwa. Mwandishi anayehakiki anakulinda na wewe pia.

Makala nzima huenda usioneshwe kabla ya kutoka, ila omba usomewe maneno yatakayowekwa kinywani mwako. Ukibadili nia, piga simu mapema. Ikishachapwa ni vigumu kuirudisha.

Wakikosea, mwandikie mhariri. Taja tarehe, ukurasa na sentensi yenye kosa, udai masahihisho. Asipokujibu, Tanzania nenda Baraza la Habari (MCT), linalosuluhisha bila kwenda mahakamani. Kenya, peleka malalamiko Baraza la Vyombo vya Habari (MCK). Tunza nakala ya habari yenyewe, namba ya mwandishi na ujumbe wa simu mlioandikiana mlipopatana, maana huo ndio ushahidi wako.