Mipaka ya Diski: Jinsi ya Kurudisha Jedwali la Patisheni Lililoharibika

Katika shule nyingi za sekondari, alama za upimaji endelevu, barua na mitihani ya majaribio hutunzwa katika kompyuta moja iliyomo katika ofisi ya taaluma. Ichukuliwe kwamba umeme umekatika wakati mtu akibadilisha mgawanyo wa diski ya kompyuta hiyo. Asubuhi mashine inawaka, lakini inaandika kwenye skrini kuwa haikuona mfumo-endeshi. Diski ikiunganishwa na kompyuta nyingine, swali linatokea: je, diski hii ifomatiwe? Shule ikiwa Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, mwalimu aliye na haraka hukubali. Hapo ndipo hasara huanza, kwani hadi dakika ile huenda hapakuwa na faili hata moja lililopotea.

Mfano wa kuelezea jambo hili uko Tunduma kwenyewe. Mji huo umepakana na Nakonde ya Zambia, na majengo ya pande mbili yamekaribiana mno hata mgeni aweza kuvuka bila kutambua. Mpaka huo uliandikwa kwanza kwenye karatasi, katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890, uliotaja mto Songwe, ambao jina lake leo ndilo jina la mkoa. Kisha, mwaka 1898, tume ya mataifa hayo mawili ilipita baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ikipima na kuweka alama ardhini. Karatasi ya mkataba ikiungua, nyumba za Tunduma hazitoweki. Mpimaji aweza kwenda toka alama hata alama na kuichora ramani upya. Jedwali la patisheni ni ile karatasi. Mafaili ni zile nyumba.

Diski hugawanywa katika sekta, na kila sekta huhesabiwa kuwa na baiti 512. Sekta ya kwanza kabisa, yaani sekta namba 0, ina mambo matatu: baiti 446 za programu ndogo ya kuamshia kompyuta, baiti 64 za jedwali, na baiti 2 za mwisho ambazo ni alama ya utambulisho, 55 na AA katika hesabu ya heksadesimali. Baiti 64 zimegawanywa katika safu nne za baiti 16, na kila safu hueleza patisheni moja: ni ya aina gani, inaanzia sekta ipi, ina sekta ngapi. Basi. Hakuna jina la faili hapo, wala alama ya mwanafunzi. Mpango huu ulikuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, na kwa kuwa namba ya sekta imepewa baiti 4 tu, hauwezi kutaja sekta zaidi ya 4,294,967,296, yaani terabaiti 2.2 hivi. Kwa sababu hiyo diski za siku hizi hutumia zaidi jedwali jipya liitwalo GPT, ambalo litaelezwa baadaye.

Kanuni ya kwanza ni kutoandika kitu chochote katika diski iliyoharibika. Kanuni ya pili huwashangaza wengi: ikiwa kosa limetendeka na kompyuta ya Linux bado inafanya kazi, isizimwe. Kiini cha Linux hulisoma jedwali wakati wa kuwaka na kulihifadhi katika kumbukumbu yake, hivyo diski yaweza kuwa imefutwa jedwali lake huku kiini kingali kinaijua mipaka ya zamani. Amri hizi mbili huionyesha patisheni ya pili ya diski iitwayo sda:

cat /sys/block/sda/sda2/start
cat /sys/block/sda/sda2/size

Jibu la kwanza ni sekta ya kuanzia, na la pili ni idadi ya sekta. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari kwa kalamu, kwa kila patisheni. Kompyuta ikizimwa, kumbukumbu hiyo hupotea. Hupotea vilevile kama programu iliyoandika jedwali baya imekwisha kukiamuru kiini kulisoma upya.

Kama kompyuta imekwisha kuzimwa, iwashwe kwa flashi yenye Linux, kisha diski nzima inakiliwe katika diski nyingine iliyo kubwa kuliko yenyewe, kwa amri kama hii:

ddrescue /dev/sda /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map

Chanzo hutangulia, mapokeo hufuata. Majina ya diski yahakikiwe kwanza kwa amri ya lsblk, kwa maana anayeyageuza huimwaga diski tupu juu ya ile yenye kazi ya mwaka mzima. Diski inayotoa mlio wa kugongagonga ina ugonjwa wa chuma, si wa jedwali, na haifai kuendelea kujaribiwa.

Sasa upimaji waweza kuanza. Kila mfumo wa faili huacha alama yake mahali maalumu. Mfumo wa ext4, unaotumika sana katika Linux, huweka kizuizi kikuu cha maelezo baiti 1024 baada ya mwanzo wa patisheni, yaani sekta 2 mbele, na ndani yake, kwenye baiti ya 56 kwa hesabu inayoanzia sifuri, zimo baiti 53 na EF. Mfumo wa NTFS wa Windows huandika herufi za jina lake katika sekta ya kwanza ya patisheni. Alama hizi husema zaidi ya mahali pa kuanzia. Kizuizi kikuu cha ext4 hutaja pia idadi ya vizuizi na ukubwa wa kila kimoja, kwa hiyo mwisho wa patisheni hupatikana kwa kuzidisha. Hata hivyo ext4 hutawanya nakala za kizuizi hicho sehemu kadhaa za patisheni, na mtu asiyejua aweza kuidhania nakala kuwa ndiyo mwanzo. Mkanganyiko huo huondolewa na namba ya kundi iliyomo katika kila nakala.

Kazi hii ya kutafuta alama hufanywa na TestDisk, programu ya bure iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier. Hupita diski yote, hukusanya alama na kupendekeza jedwali. Kabla ya kulikubali, mtumiaji hubonyeza P ili kuorodhesha mafaili ya patisheni iliyopendekezwa. Mafaili ya ofisi yakionekana kwa majina yake, mpaka ni sahihi. Yasipoonekana, pendekezo likataliwe, hata kama laonekana nadhifu.

Kwa GPT kazi huwa nyepesi zaidi. Jedwali hilo huwekwa mwanzoni mwa diski na nakala yake mwishoni, na kila moja huambatana na namba ya uhakiki inayoonyesha kama limeharibika. Programu ya gdisk, katika orodha ya uokoaji inayofunguliwa kwa herufi r, hulijenga la mwanzo kutokana na nakala kwa herufi b kisha c. Herufi v huhakiki, na w ndiyo huandika.

Baada ya jedwali kurudi, patisheni ifunguliwe kwa kusomwa tu:

mount -o ro /dev/sda2 /mnt

Programu ya fsck isitumike kabla ya hapo. Ikipewa mpaka wa uongo, hukuta kila kitu kimekaa vibaya, na katika "kutengeneza" huvunja vilivyokuwa vizima. Kwa diski zisizo na sahani zinazozunguka, kufomati ni hatari maradufu, kwani programu nyingi za kufomati huiarifu diski kuwa eneo lote halina kazi tena, nayo yaweza kulifuta kweli.

Kinga ya yote haya haigharimu hata dakika moja:

sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt

Faili linalopatikana ni la mistari michache tu. Lipigwe chapa na kufungwa kabatini pamoja na hati za shule, na siku ya shida diski hurudishiwa mipaka yake kwa amri ya sfdisk /dev/sda < jedwali.txt.

Zoezi. Katika diski iliyopoteza jedwali, imepatikana nakala ya kizuizi kikuu cha ext4 ikianzia sekta 42,207,232. Nakala yenyewe yasema ni ya kundi la 1, kila kizuizi ni baiti 4096, na patisheni ina vizuizi 5,242,880. Kundi la 1 huanzia kizuizi namba 32,768 kutoka mwanzo wa patisheni. Tafuta sekta ya kwanza na ya mwisho ya patisheni hiyo. (Jibu: 41,945,088 na 83,888,127.)