Damu Ndiyo Najisi, Mwanamke Si Najisi

Katika darasa zetu huulizwa mara kwa mara: je, mwanamke aliye mwezini aruhusiwa kukanda unga, kuteka maji mtungini, na kula sahani moja na watu wa nyumba yake? Kuulizwa swali hili hata leo ni dalili kwamba mila imekalia kiti cha elimu.

Jawabu ni kuwa yote hayo ni halali. Damu ndiyo najisi. Mwenye damu si najisi. Walikuwako Madina watu waliomtenga mwanamke wa hedhi, hawali naye wala hawakai naye, na Masahaba walipouliza juu ya jambo hilo ndipo ilipoteremka aya ya 222 ya Suratul Baqara. Bibi Aisha alikuwa akimchana nywele Bwana Mtume (S.A.W.) naye yu hedhini, na Mtume akinywa pale pale alipoweka Bibi Aisha mdomo wake. Yaliyokatazwa ni sala, saumu, kutufu Al-Kaaba, kuingiliwa na mume, na mengine yaliyomo vitabuni. Upishi haumo.

Wengine hudhani hedhi ni uchafu uliokusanyika mwilini. Sivyo. Kila mwezi ukuta wa ndani wa mji wa uzazi hunenepa ili kuingojea mimba. Yai hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Lisipopata mbegu ya mume, homoni hupungua, na utando ule ukabanduka ukatoka pamoja na damu. Kwa kawaida jumla yake haizidi mililita 80, yaani haifiki nusu ya kikombe cha chai. Tangu siku ya kwanza ya hedhi hata siku ya kwanza ya ile ifuatayo huwa siku 21 hadi 35, ila kwa msichana mchanga hesabu huweza kuyumba miaka ya mwanzo.

Madhara makubwa ya kimya chetu yako hapa. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, uchache wa hedhi ni mchana na usiku wake, wingi wake siku 15. Izidiyo hapo ni istihadha, damu ya ugonjwa. Fatima binti Abi Hubaish alimweleza Mtume habari yake waziwazi, naye akamjibu kuwa huo ni mshipa, asiiache sala kwa ajili yake. Wako wake zetu wanaotokwa na damu wiki tatu, wameacha sala isiyowaondokea, na kwa haya hawamwambii mtu, mpaka damu ikawapungua mwilini wakaishiwa na nguvu. Huenda ni uvimbe katika mji wa uzazi, nao una matibabu. Wala kwa daktari asingojee zitimie siku 15; damu ikizidi siku 8, aende.

Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya sodo mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 ikaagiza wasichana wa shule wapewe bure. Lakini sodo yamfaa nini binti asiyeambiwa neno, aamkaye siku moja akadhani ameumia? Zamani kazi hii alikuwa nayo somo. Leo majumba mengi hayana somo, na mama angali akimngojea. Basi na aseme mama mwenyewe, kabla binti hajavunja ungo. Amfundishe kutia alama siku ya kwanza ya kila hedhi, na kukoga itakapokatika. Saumu zilizompita atazilipa; sala halipi.