Neema Hujulikanaje? Roho ya Mtu Mbele ya Zawadi ya Mungu



Somo hili lilianza na swali tulilolishindwa. Wakati wa likizo tulikuwa Itigi, mkoani Singida, kwa ajili ya uchungaji, na miongoni mwa kazi tulizopangiwa ilikuwa kuwatembelea wagonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, inayoendeshwa na Wamisionari wa Damu Azizi. Jioni moja tulimkuta bibi mmoja akimuuguza mumewe, mzee aliyekuwa hawezi tena kujigeuza kitandani. Tulimwamkia, tukasali pamoja naye, kisha, kama ilivyo kawaida yetu mafrateri, tukaongeza na mafundisho kidogo. Tukamwambia kuwa neema ya Mungu iko pamoja naye.

Bibi akatuuliza: "Wanangu, hiyo neema mtu huijuaje kuwa ipo?"

Tukajibu jibu la katekisimu: neema ni zawadi ya bure ambayo Mungu anatupatia ili tuweze kushiriki uzima wake. Akatusikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akasema: "Hayo nilifundishwa kabla ya Kipaimara. Mimi nimeuliza, huijuaje?" Akatueleza kwamba wiki nyingi sasa anashika rozari na hasikii kitu. Jirani yake, aliyetoka kwenye mkutano wa mahubiri, alimwambia kuwa mwenye neema lazima moyo wake uwake na machozi yamtoke. Asiyesikia kitu, Mungu ameshampita.

Tuliaga tukiwa na aibu. Na tukiri jambo moja: njiani mmoja wetu alisema kwamba swali la bibi ni lake pia, kwa kuwa tangu aanze mwaka wa pili wa falsafa sala yake imekuwa kavu kabisa, na alikuwa akijiuliza kama wito wenyewe upo. Kwa hiyo haya tunayoyaandika hatuyaandiki kwa ajili ya bibi peke yake.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili neema si neno la kanisani tu. Mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno, na mtu wa Itigi akisema neema imeshuka, mara nyingi anazungumzia mvua. Huku mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni ukavu mtupu. Mkulima wa alizeti au uwele hana namna ya kuilazimisha mvua. Anachoweza ni kulima mapema na kungoja. Lugha yetu basi tayari inajua jambo ambalo Mtakatifu Augustino alilitetea kwa nguvu mbele ya Wapelaji katika karne ya tano, kwamba zawadi hii haitoki kwetu na haidaiwi kama mshahara.

Neno la pili ni roho, na hapa ndipo tulipoona kuwa tumelala darasani. Katika mazungumzo ya kila siku roho ni uhai (mtu hukata roho), ni tabia (roho mbaya, roho nzuri), na ni hisia (roho inaniuma). Tukisema neema inapokelewa katika roho ya mtu, msikilizaji anashika ile maana ya tatu, ile ya hisia, ndiyo maana anangoja kusikia kitu. Lakini tunapofundisha juu ya roho ya binadamu tunamaanisha kina kile ambacho kwacho mtu anajua ukweli, anapenda lililo jema, na anaamua. Mtakatifu Thoma wa Akwino anakwenda mbali zaidi. Katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae, swali la 110, anasema neema ya utakaso inakaa katika kiini chenyewe cha roho, ndani kuliko hata akili na utashi; fadhila ndizo zinazokaa katika akili na utashi. Kama ni hivyo, neema imewekwa mahali ambapo jicho letu la ndani halifiki. Hatuhisi kiini cha roho yetu, kama vile hatuhisi ini letu linapofanya kazi.

Basi je, neema haionjeki kabisa? Hapa inafaa kutembea polepole.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2005, inafundisha wazi kwamba neema, kwa kuwa ni ya ngazi ipitayo maumbile, haishikwi na uzoefu wetu, na hujulikana kwa imani tu. Hatuwezi kutegemea hisia zetu wala matendo yetu tukahitimisha kuwa tumekwisha kuhesabiwa haki. Nyuma ya maneno hayo upo Mtaguso wa Trento, ambao mwaka 1547 ulikataa ile hakika ya kujivunia kwamba mtu anajua bila shaka yoyote kuwa yumo katika neema. Na Katekisimu hiyohiyo inamkumbuka Mtakatifu Yoana wa Arko. Mwaka 1431, akiwa binti wa miaka 19 mbele ya mahakama huko Rouen, aliulizwa kama anajua kuwa yumo katika hali ya neema. Ulikuwa mtego. Akisema ndiyo, ana kiburi. Akisema hapana, amejihukumu. Yeye akajibu kwa kuomba: kama hayumo, Mungu amtie humo, kama yumo, Mungu amtunze humo. Binti huyo hakujua kusoma, na wasomi waliomzunguka walikosa la kusema.

Kwa hiyo jirani wa bibi alikosea. Machozi ni kitu kizuri, na Mungu huyatumia, lakini hayakuwahi kuwa kipimo. Mtu anaweza kulia kwa sababu kwaya imeimba vizuri.

Lakini sisi nasi tulikosea kwa upande wa pili, tena kosa letu ni baya zaidi kwa kuwa linaonekana la kisomi. Tulizungumza kana kwamba neema ni hesabu iliyoandikwa benki mbinguni, isiyogusa chochote katika maisha ya mtu. Mtakatifu Paulo hafundishi hivyo. Katika sura ya nane ya Waraka kwa Warumi anasema Roho wa Mungu anashuhudia pamoja na roho zetu kwamba sisi ni wana. Pamoja na roho zetu! Anashuhudia bila kuiweka roho yetu pembeni. Na katika sura hiyohiyo anasema kwamba tunapokuwa hatujui tuombe nini, Roho anatuombea kwa kuugua kusikotamkika. Maana yake hata kushindwa kusali kunaweza kuwa mahali ambapo sala inaendelea bila sisi kuisikia.

Mtakatifu Thoma analishughulikia swali la bibi, karibu kwa maneno yake, katika swali la 112: je, mtu anaweza kujua kwamba anayo neema? Jibu lake lina ngazi. Mungu akitaka anaweza kumfunulia mtu fulani jambo hilo kwa namna ya pekee. Kujua kwa uhakika kwa nguvu zetu wenyewe, hapana. Lakini kukisia kwa kutazama dalili, ndiyo. Na dalili anazozitaja hazina moto wala ngurumo: mtu anapata furaha yake katika Mungu, hatekwi na vitu vya dunia, na dhamiri yake haimshitaki kwa dhambi ya mauti. Tulipoisoma sehemu hii mara ya kwanza kwa ajili ya mtihani tulidhani ni jibu la woga. Siku hizi tunaliona kuwa jibu la mtu anayeheshimu siri.

Ukitoka nje kidogo ya mji wa Itigi unakutana na vile vichaka maarufu, vinavyojulikana na wataalamu wa mimea kwa jina la mahali hapa. Ni miti mifupi iliyosongamana kiasi kwamba mtu hupenya kwa shida. Wakati wa kiangazi majani yote hupukutika na mgeni anaweza kuapa kuwa pori limekufa. Mvua za kwanza zikishuka, ndani ya siku chache pote panakuwa kijani. Uhai ulikuwepo muda wote. Mfano huu una kasoro yake, tunajua: uhai wa mti ni maumbile ya mti, lakini uzima wa neema si maumbile yetu, tumepewa, na kwa dhambi ya mauti tunaweza kuupoteza kweli, si kwa kuonekana tu. Hata hivyo unasaidia kitu kimoja. Kutokuona majani si ushahidi kwamba mzizi umekauka.

Na mzizi utautambuaje wakati wa kiangazi? Mwanateolojia Mjesuiti Karl Rahner, katika makala aliyoiandika miaka ya 1950 juu ya kuionja neema, alishauri tusiitafute kwanza katika nyakati za raha ya kiroho. Aliwaelekeza wasomaji wake kwenye nyakati nyingine: pale ulipoonewa ukanyamaza ingawa ulitamani kujitetea, pale uliposamehe na hakuna aliyekushukuru, msamaha wako ukachukuliwa kuwa ni haki yao, pale ulipotimiza wajibu huku ukisikia kama unajikana mwenyewe, na hakuna aliyeona. Hapo, anasema, roho ya mtu imevuka mipaka ya faida yake, na jambo hilo haliwezi kuelezeka kikamilifu kwa tabia nzuri tu. Hatuoni kwamba Rahner anampinga Thoma katika hili. Anatuonyesha tu dalili zinavyofanana siku ya Jumatatu.

Mtakatifu Gaspar del Bufalo, ambaye hospitali ile ina jina lake, anafaa kutajwa hapa. Alizaliwa Roma mwaka 1786. Mwaka 1810, akiwa padre kijana, alitakiwa aape utii kwa Napoleone, akakataa, na kwa sababu hiyo akakaa miaka minne uhamishoni na gerezani, mbali na mji wake, huku afya yake ikiwa dhaifu. Shirika lake alilianzisha mwaka 1815, baada ya kurudi. Tunapenda kuwaona watakatifu wakiwa wamenyosha mikono juu na mwanga unawashukia. Lakini kwa Gaspar tunaona kwanza utashi wa kijana uliokataa, ukaendelea kukataa kwa miaka minne. Huo pia ni mahali pa neema.

Karibu nasi zaidi yupo Adrian Atiman. Alitekwa utotoni karibu na Timbuktu akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari Malta, kisha akaja Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa katekista na tabibu. Alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1880 na hakuondoka. Alifariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60 kando ya vitanda vya wagonjwa! Neema haikufuta kwamba aliwahi kuwa mtumwa, wala haikumpa mikono mingine. Ilifanya kazi kwa mikono ileile. Ndiyo kanuni tunayoikariri darasani kwamba neema haiharibu maumbile bali huyakamilisha, ila darasani haina harufu ya dawa.

Kwa msomaji anayetaka jambo la kufanya, lipo zoezi la jioni alilotuachia Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Baada ya kujeruhiwa Pamplona mwaka 1521, akiwa amelala nyumbani akipona, aligundua kwamba mawazo ya sifa za dunia yalimfurahisha kisha yakamwacha mkavu, na mawazo ya kumfuata Kristo yalimwachia amani hata baada ya kupita. Basi usiku, kabla ya kulala, usijiulize leo nimesikia nini. Jiulize leo nimeachiwa nini. Na ni wapi nilipenda kupita uwezo wangu, na nguvu ile niliitoa wapi. Dakika kumi zinatosha. Zoezi hili halichukui nafasi ya sakramenti. Mwenye dhambi nzito aende kwenye Kitubio, asikae akipima amani yake; na mwenye kiangazi aendelee kuipokea Ekaristi hata kama haisikii, kama mgonjwa anavyokunywa uji asiousikia ladha.

Tulirudi wodini baada ya siku tatu, tukiwa na madondoo yetu kwenye daftari. Mzee alikuwa amelala ubavu wa kushoto, shuka safi. Tukamweleza bibi kwamba hatuwezi kumhakikishia lolote juu ya hali ya roho yake, kwa kuwa hilo analijua Mungu, lakini jirani yake amekosea, na kwamba wiki hizi zote alizoamka usiku kumgeuza mzee bila mtu kumpongeza huenda ndizo sala aliyodhani imekwisha. Yule mwenzetu wa mwaka wa pili ndiye aliyesema maneno hayo, na sauti yake haikuwa imara sana.

Bibi alinyamaza kidogo. Alikuwa na kikombe cha uji mkononi. Akasema: "Kama ndiyo hiyo, basi shikeni na ninyi, mmalizie kumnywesha. Mimi tangu jana sijalala." Akampa mwenzetu kikombe na kijiko, akatandika kanga yake chini kando ya kitanda, akajilaza.