Mwalimu O'Brien na Vidole Vinne

Wengi wetu tukisikia kuhusu filamu ya 1984 tunafikiria kamera. Waulize waliokusanyika hosteli kuitazama, watakwambia habari za simu zinazotusikiliza na matangazo yanayojua unataka viatu. Sawa, hilo lipo. Lakini mimi nasoma ualimu, na nilipoitazama mara ya pili, baada ya kurudi TP, niliona kwamba sehemu yake ya mwisho ni kipindi cha darasani.

Kwanza tuwekane sawa. George Orwell alichapisha riwaya hiyo Juni 1949, akafariki Januari 1950. Imetengenezewa filamu zaidi ya mara moja; ninayoizungumzia ni ya Michael Radford, iliyopigwa London na maeneo ya jirani mwaka 1984 wenyewe, katika miezi ileile ambayo hadithi inatokea. John Hurt ni Winston Smith, karani wa Wizara ya Ukweli, ambaye kazi yake ni kuandika upya magazeti ya zamani ili ionekane Chama hakijawahi kukosea. Richard Burton ni O'Brien, mkubwa wa Chama. Ilikuwa filamu yake ya mwisho ya sinema. Alifariki Agosti mwaka huohuo.

Kuitoa riwaya hii kwenye karatasi si kazi ndogo. Kitabuni tunaishi ndani ya kichwa cha Winston, sehemu pekee ambayo runinga zenye macho haziingii. Kamera ya filamu nayo inabaki nje, inamchungulia kama Polisi wa Fikra wanavyomchungulia. Radford hakuhangaika kueleza mengi. Alituachia uso wa Hurt, uliokonda, wa mtu anayejizuia hata kukunja uso. Mpiga picha Roger Deakins aliacha madini ya fedha kwenye mkanda wakati wa kuusafisha, rangi zikapauka, kila kitu kikawa kama nguo iliyofuliwa mara mia. Ukisoma kitabu kwanza utalalamika kwamba mengi yamekatwa, na ni kweli. Mimi sikuyakosa sana.

Sasa tuingie Wizara ya Upendo. Winston amefungwa kitandani. O'Brien anainua vidole vinne na kuuliza ni vingapi. Winston akijibu vinne, anaumizwa. Mtesaji wa kawaida wa kwenye sinema angepiga kelele, lakini Burton anaongea polepole, kwa upole, karibu kwa huruma, kama mwalimu mzoefu aliyekaa na mtoto mzito wa kuelewa. Orwell mwenyewe anamfananisha na mwalimu, na anampa hatua tatu za kumrudisha Winston kundini: kujifunza, kuelewa, kukubali. Jamani, si ndiyo lugha ya maandalio yetu ya somo?

Kinachoogopesha zaidi kinakuja Winston anapozidiwa na maumivu na kusema vitano. O'Brien anaikataa hiyo tano. Anajua Winston anadanganya, bado moyoni anaona vinne. Jibu la mdomoni halimtoshi, anataka Winston avione vitano kweli.

Hapo ndipo nilipokumbuka Kidato cha Pili nilichofundisha Jiografia. Siku hiyo msimamizi kutoka chuo alikuwa amekaa nyuma ya darasa na fomu yake ya alama. Nilikuwa nafundisha skeli ya ramani. Ramani ya 1:50,000, umbali wa sentimita 4. Niliandika ubaoni kwamba ardhini ni kilomita 20. Ni kilomita 2, hata wewe unayesoma sanaa unaweza kuikokotoa. Nikageuka, nikauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima, zaidi ya wanafunzi hamsini: "Ndiyo, madam!"

Kosa nililiona kabla ya kipindi kuisha. Kusema kweli, sikulisahihisha. Msimamizi alikuwa anaandika, darasa lilikuwa limetulia, nami nilitaka alama zangu. Nikafuta ubao nikaendelea na mada.

O'Brien asingelipokea lile "ndiyo", angejua ni la mdomoni. Mimi nililipokea na nikafurahi nalo. Sisemi mimi ni mbaya kuliko yeye, maana sikumfunga mtu kitandani. Ila nilijifunza kwamba si lazima kuwe na Kaka Mkubwa ukutani ili watu hamsini wakubaliane na hesabu ya uongo. Fomu moja nyuma ya darasa ilitosha kuninyamazisha mimi, na mimi nilitosha kuwanyamazisha wao.

Jioni nilikusanya madaftari. Karibu yote yalikuwa na kilomita 20, kwa wino safi. Katika daftari moja, chini ya jibu langu, kulikuwa na "2" ndogo ya penseli iliyofutwa kwa kifutio, lakini alama yake ilibaki kwenye karatasi. Kesho yake nilisahihisha hesabu mbele ya darasa, kisha nikamwita yule binti pembeni nikamuuliza kwa nini hakuninyooshea kidole.

Akatazama viatu vyake. "Madam, nilidhani labda huko chuo mnapima tofauti."