Kiwanja Namba 114 ni Kipi? Kutafuta Kumbukumbu ya Ardhi Kabla ya Kulipa

Mnunuzi anayetafuta kiwanja Mwanza aghalabu hupewa na dalali kipande cha karatasi chenye maneno machache: "Kiwanja Na. 114, Buswelu." Karatasi hiyo humtosha dalali, kwa kuwa yeye anakijua kiwanja kwa macho. Haimtoshi mnunuzi anayekwenda kuomba upekuzi katika ofisi ya ardhi. Katika sura hii tunaeleza ni kwa nini haitoshi, na ni maelezo gani mnunuzi ayadai kabla hajatoa hata shilingi ya kishika mkono.

Namba 114 si mali ya kiwanja kimoja. Eneo linapopimwa hugawanywa katika vitalu, navyo hupewa herufi. Kila kitalu huanza kuhesabu viwanja vyake upya. Kwa hiyo namba hiyo hiyo yaweza kuwapo Kitalu A, ikawapo tena Kitalu B katika eneo lile lile, na ikawapo Nyegezi, Mkolani na Igoma pia. Kinachokitambulisha kiwanja ni maelezo manne yakiwa pamoja: mji au halmashauri, eneo, kitalu, na namba ya kiwanja. Moja likikosekana, kumbukumbu inayopatikana yaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa.

Namna kumbukumbu zinavyopangwa

Kanzidata, yaani hazina ya kumbukumbu ndani ya kompyuta, haisomi kila ukurasa pale mtumishi anapoandika swali lake. Hutumia faharasa. Faharasa yaweza kufuata jambo moja tu, kama vile namba ya hati, au ikafuata mambo kadhaa kwa mpangilio maalumu. Hii ya pili ndiyo inayowatatiza wengi, na mfano wake upo karibu.

Tuseme mwenye ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, amepanga magunia kwanza kwa mji yanakopelekwa, kisha ndani ya kila mji kwa jina la mwenye mzigo, kisha ndani ya kila jina kwa siku ya kuingia. Akiulizwa mzigo wa Lubumbashi, wa Mama Neema, ulioingia Jumanne, atakwenda moja kwa moja hadi ulipo. Akiulizwa mizigo yote ya Lubumbashi, bado kazi ni nyepesi, maana imekaa pamoja. Akiulizwa mzigo wa Lubumbashi ulioingia Jumanne, bila jina la mwenyewe, ataufikia upande wa Lubumbashi upesi, lakini hapo itambidi atazame rundo baada ya rundo. Na akiulizwa magunia yote yaliyoingia Jumanne, mpango wake haumsaidii chochote. Magunia ya Jumanne yametawanyika ghala zima, na hana budi kulipita lote.

Faharasa yenye sehemu nyingi hufanya kazi vivyo hivyo. Humfaa mwenye kujua sehemu za mwanzo, hata kama hajui za mwisho. Anayejua ya mwisho peke yake humwacha mtafutaji apekue kila kitu, na majibu atakayoletewa yatakuwa mengi kuliko anavyoweza kuyachambua. Tukichukua faharasa iliyopangwa kwa halmashauri, eneo, kitalu na namba, mwenye karatasi ya dalali tuliyoitaja anazo sehemu za mwanzo kwa kukisia na ya mwisho kwa hakika, lakini ya tatu hana. Atafika Buswelu. Akishafika atakuta akina 114 kadhaa, na hana njia ya kujua ni yupi aliyeonyeshwa shambani.

Hapo ndipo fedha hupotea. Tuchukue mfano wa mnunuzi aliyeonyeshwa kiwanja kilicho Kitalu E, akaandika Kitalu D katika ombi lake kwa sababu ndivyo alivyosikia kwenye simu. Jibu likaja: mmiliki ni fulani, hakuna rehani, hakuna zuio. Jibu hilo ni la kweli tupu kuhusu kiwanja cha Kitalu D. Kile cha Kitalu E chaweza kuwa kimewekwa rehani benki, na muhuri wa ofisi ulio juu ya jibu hautamwokoa mnunuzi, kwa kuwa hakukiulizia.

Sehemu ya kwanza: halmashauri

Watu wa Mwanza wana jambo lao la pekee hapa. Hadi mwaka 2012 Halmashauri ya Jiji la Mwanza ilihudumia Nyamagana na Ilemela kwa pamoja. Mwaka huo Ilemela ikawa manispaa inayojitegemea. Barua ya toleo iliyotolewa kabla ya hapo kwa kiwanja cha Buswelu, Pasiansi au Nyamanoro yaweza kusomeka "Jiji la Mwanza", ilhali leo maeneo hayo yako chini ya Manispaa ya Ilemela. Mwenye karatasi ya zamani aandike katika ombi lake majina yote mawili, la zamani na la sasa, na kueleza kwa sentensi moja kwamba karatasi ni ya kabla ya mgawanyo. Sehemu ya kwanza ikikosewa, zote zinazofuata hutafutwa mahali pasipo pake.

Sehemu ya pili: tahajia ya eneo

Majina mengi ya huku ni ya Kisukuma, na tahajia yake haikutulia. Utakuta Nyamhongolo, Nyamongolo na Nyamong'olo, zote zikikusudia mahali pamoja. Kwa sikio la mkazi hakuna tofauti. Kwa kompyuta iliyoagizwa kulinganisha herufi kwa herufi, hayo ni maeneo matatu. Mnunuzi anakili tahajia iliyo kwenye hati au barua ya toleo kama ilivyo, hata kama anaiona imekosewa, kisha ataje tahajia nyingine pembeni. Kusahihisha jina kwa nia njema kumewahi kumfichia mtu kumbukumbu yake mwenyewe.

Jibu tupu

Tunasisitiza jambo hili kuliko yote yaliyomo katika sura hii. Jibu la "hakuna kumbukumbu" halina maana ya "kiwanja ni safi". Laweza kumaanisha kwamba kitalu kimekosewa, au jina limeandikwa vingine. Laweza pia kumaanisha kwamba kiwanja kimepimwa na kina barua ya toleo katika halmashauri, lakini hati yake haijasajiliwa kwa Msajili wa Hati, hivyo swali lingepaswa kuulizwa halmashauri kwanza. Mwenye jibu tupu arudi kuuliza tena kwa maelezo yaliyokamilika. Muuzaji anayelionyesha jibu kama hilo kuwa ushahidi wa usafi wa mali yake, ama hajui analosema au anajua vizuri mno.

Kuna ambao hutaka kutafuta kwa jina la muuzaji. Daftari la ardhi limejengwa juu ya ardhi, wala si juu ya watu: hujibu swali "kiwanja hiki ni cha nani?", na si lazima lijibu "mtu huyu ana viwanja gani?" Hata pale jina linapotafutika, mtu mmoja huweza kuandikwa kwa majina mawili katika hati na matatu katika kitambulisho, tena kwa mfuatano tofauti. Jina litumike kuhakikisha. Likishapatikana jina la mmiliki kwa njia ya kiwanja, lilinganishwe na kitambulisho cha Taifa cha huyo anayeuza, ambacho namba yake ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Muuzaji anayeonekana kijana wa miaka thelathini na namba yake inaanza na 1951 anapaswa kuulizwa maswali.

Njia ya pili ya kufikia kumbukumbu ile ile

Kiwanja kilichopimwa huwa na mawe ya mpaka katika pembe zake, na mawe hayo yana namba. Namba hizo zimo katika ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na ramani hiyo huonyesha kitalu na namba ya kiwanja. Basi mnunuzi afuatane na mpimaji hadi uwanjani, wasome namba za mawe, wazipeleke kwenye ramani, na ramani iwatajie kiwanja. Ikiwa kiwanja kilichopatikana kwa njia hii ni kile kile kilichoandikwa kwenye hati, njia mbili zimekutana. Zikipishana, malipo yasubiri. Gharama ya mpimaji kwa siku moja ni ndogo ukiilinganisha na bei ya kiwanja, na sisi hatuoni sababu ya kuiepuka.

Ziara hiyo ina faida nyingine kwa wanunuzi wa kando ya ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hakuna faharasa itakayompimia mtu umbali huo. Maji yalipopanda mwaka 2020, wengi waliona kwa macho yao ziwa linavyoweza kusogea.

Kiwanja kisichopimwa hakina kitalu wala namba, na kwa hiyo hakitafutiki kwa njia tuliyoieleza. Huko hutegemewa serikali ya mtaa au kijiji, majirani wa pande zote nne, na maandishi ya mauziano ya awali. Tumekitengea sura yake.

Ombi lenyewe

Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inamruhusu mtu yeyote kukagua daftari baada ya kulipa ada. Hahitaji kibali cha muuzaji. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, si mkononi mwa mtumishi wala wa dalali. Katika ombi iandikwe namba ya hati ikiwa ipo, kwa kuwa hiyo peke yake huongoza kwenye hati moja tu; kisha halmashauri, eneo, kitalu na namba ya kiwanja, kwa mfuatano huo, hata kama namba ya hati imeshatajwa. Yakipingana, mtumishi ataona mara moja, na mnunuzi atakuwa ameelewa jambo ambalo muuzaji hakumwambia.

Jibu hubeba tarehe. Linaeleza hali ya daftari siku ile, na rehani au zuio vinaweza kuandikwa kesho yake. Aliyepata jibu mwezi Machi na anakusudia kulipa mwezi Juni aombe upekuzi mwingine wiki ya malipo, na ahifadhi majibu yote mawili pamoja na stakabadhi zake. Mgogoro ukizuka baadaye, hizo ndizo karatasi atakazoulizwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.