Mlo na Kipimo cha Gastrini

Mgonjwa ambaye vidonda vyake vya tumbo haviponi, au vinapona na kurudi, huweza kuagizwa kupimwa kiwango cha gastrini katika damu. Usahihi wa kipimo hiki hutegemea jambo linaloonekana dogo: kama mgonjwa alikula kabla ya kutolewa damu.

Gastrini ni homoni inayotengenezwa na seli zilizo sehemu ya chini ya tumbo la chakula. Mwanafiziolojia Mwingereza John Edkins aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1905. Chakula kinapoingia tumboni, hasa chenye protini kama vile maharage, mayai au nyama, seli hizo humwaga gastrini katika damu, nayo hulihimiza tumbo kutoa asidi. Kiwango chake hupanda ndani ya nusu saa hivi. Asidi ikizidi, seli hupunguza kazi, na kiwango hushuka taratibu.

Kwa hiyo, damu iliyotolewa baada ya chai ya maziwa na mayai yaweza kuonyesha gastrini nyingi kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Jibu hilo likisomwa kana kwamba mgonjwa alikuwa amefunga, huweza kuzua shaka ya uvimbe unaotoa gastrini, pamoja na hofu na gharama zisizo na sababu. Pepsinojeni, kipimo kingine cha hali ya tumbo, haiyumbishwi sana na mlo mmoja.

Dawa nazo huchangia. Omeprazoli hupunguza asidi. Asidi ikipungua, gastrini hupanda hata kwa aliyefunga. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani kidonda chaweza kutoka damu. Daktari ndiye apange iwapo itasitishwa, na lini.

Mgonjwa afunge saa 10 hadi 12: aliyemaliza kula saa 2 usiku atolewe damu saa 2 asubuhi. Mwenye kisukari anayetumia insulini apate kwanza maelekezo ya daktari. Mhudumu wa afya aulize na aandike kwenye fomu saa ya mlo wa mwisho na dawa zinazotumika, kisha sampuli ihifadhiwe kwenye baridi na kufikishwa maabara upesi, kwa kuwa gastrini huharibika haraka. Bila maelezo hayo, tarakimu ya maabara yaweza kumpotosha hata daktari mzoefu.